Mikono ya Kumsinga Nasreen

Mimi pole siitaki. Nalisema mapema ili tuelewane. Kariakoo nzima imenipa pole mpaka masikio yamevimba, na pole zao ndizo zilizonimaliza, kwa hiyo wewe sikiliza tu, nikimaliza nenda zako.

Jina langu Mwanamkuu, kazi yangu kungwi. Mabinti wa mjini hapa, kuanzia Gerezani mpaka Ilala, wamepita mikononi mwangu. Nawafunda, nawasinga, nawapeleka kwa waume zao wananukia. Na kusinga si kupaka mafuta, usije ukadhani. Unasaga liwa, sandali, mawaridi makavu na karafuu, unachanganya na marashi, halafu unamsugua mwali mwili mzima, polepole, huku unamwambia mambo ambayo hataambiwa na mtu mwingine. Maneno yanaingia pamoja na manukato. Kungwi asiye na mikono ni mpiga domo tu, na wapiga domo mji huu umewajaa.

Basi mikono yangu ikaharibika. Ilianzia kwenye viwiko, mabaka mekundu yenye magamba meupe, nikasema ukurutu. Ikashuka vidoleni, ikapanda kichwani. Nikijikuna, magamba yanadondoka mkekani kama pumba kwenye ungo. Viganja vikapasuka, nikigusa karafuu, yalaa, machozi yananitoka mbele ya mwali. Siku moja damu yangu ikampaka binti wa watu mgongoni. Mama yake akamfuta kwa kanga, na hakuniita tena. Tangu hapo nikawa nafunda kwa mdomo, na kusinga anasinga mwingine mimi nimekaa pembeni.

Lakini watu hawakunikimbia, hilo nalo niliseme. Nilikuwa mnene mimi, mnene haswa, nikipita mtaa wa Muhonda wasukuma mikokoteni wananipisha wenyewe. Na kwetu mwanamke mwenye mwili hana neno. Anakula, analala, ana amani yake. Unene wangu uliiombea msamaha ngozi yangu. "Ah, Mwanamkuu na ukurutu wake," wanasema, "joto la Dar hilo," kisha tunakaa chini tunakula sinia moja, mkono wangu na mikono yao.

Sasa Nasreen. Huyu si wa kumzaa mimi, ni wa dada yangu. Dada aliugua kansa ya kizazi, akakonda, akafa, mtoto hajajua hata kutembea. Mimi sikujaaliwa wangu, nikamchukua nikamlea humu humu ndani ya nyumba ya baba yetu, nyumba ya mabati iliyobanwa na maghorofa ya wafanyabiashara kila upande. Mama ananiita mimi. Posa ya Adamu ilipokuja na harusi ikapangwa mwezi wa Rajabu, Nasreen alinishika mikono hii iliyochakaa akaniambia, "Mama, sisingwi na mtu mwingine. Ni wewe au sisingwi."

Nikamwambia, "Hii mikono itakuchuna ngozi, mwanangu."

"Basi kaitibu."

Kuitibu! Kana kwamba nilikuwa nimekaa tu. Hakuna kopo la krimu linalouzwa Kariakoo ambalo sijalinunua. Lile kali kuliko yote lilinitakatisha wiki chache, nikaringa, nilipoliacha ugonjwa ukarudi na ndugu zake wote. Lakini aliyesema ni Nasreen, na Nasreen sijawahi kumnyima kitu. Nikaenda kwa daktari wa ngozi, kliniki moja huko karibu na Posta.

Daktari mwenyewe msichana wa Kihindi, Zarna, kazaliwa Kisutu, Kiswahili kinamtoka kama mtoto wa Ilala. "Shikamoo mama," akasema. Nikaitikia marahaba. Halafu akanishika mikono bila glavu, akaigeuza, akayapapasa magamba kwa vidole vyake. Miaka mingapi sijashikwa hivyo na mtu ambaye si Nasreen? Nilitaka kulia, nikaona aibu, nikawa mkali badala yake. "Tazama upesi, nina watu wananisubiri." Hakuna aliyekuwa ananisubiri.

Akaniambia, "Mama, hii inaitwa soriasis. Haiambukizi, si uchafu, na hujarogwa. Kinga ya mwili wako imekosea adui, inaipiga ngozi yako mwenyewe. Ngozi nayo inajizalisha mbio mbio kabla ile ya zamani haijaondoka. Ndiyo hayo magamba."

Akanitoa damu, akanipiga picha ya tumbo. Niliporudi akaniambia sukari iko juu na ini limejaa mafuta. Ukimwi alipima pia, sina.

"Nimekuja na mikono, wewe unaniambia ini?"

"Ni moto mmoja, mama." Akavuta kiti karibu. "Mafuta ya tumboni hayakai tu kama gunia stoo. Yanafanya kazi. Yanamwaga kwenye damu vitu vya kuchochea, na ngozi yako inazidi kuwaka. Na ngozi ikiwaka, mwili nao unashindwa kuitumia sukari vizuri, mafuta yanazidi. Vinapelekeana kuni. Ninavyo vidonge vikali vya ngozi, lakini vinaumiza ini, na ini lako lilivyo siwezi kukupa. Nitakupa dawa ya kupaka na vidonge vya sukari. Ila kwanza upungue. Upungue sana."

Nikacheka, si kwa furaha. "Daktari, wewe umesoma vitabu, huu mtaa hujausoma. Mwanamke wa umri wangu, mume hana, ngozi ina mabaka, halafu akonde? Watasema nimekanyaga miwaya, nina ukimwi. Hapo sijapona, nimeandikwa marehemu."

"Utawaambia ukweli."

"Nimwambie nani? Nipite na kipaza sauti kama wauza sumu ya panya?"

Akaitazama mikono yangu. Kisha akaniuliza, "Mwanao unataka kumsinga au hutaki?"

Alinipata hapo hapo.

Basi nikaacha. Chai ya sukari nikaacha, vitumbua nikaacha, wali wa nazi, chapati, soda, mihogo ya kukaanga, vyote. Mimi niliyekuwa nikimaliza sahani naangalia ya jirani! Nikawa nakula mchicha, maharage na samaki wa kuchoma, alfajiri naenda kuzunguka viwanja vya Mnazi Mmoja na baibui langu kama mwendawazimu. Njaa ilinitia adabu. Nasreen alikuwa akinichekesha, "Mama, leo umeutazama ule mkate vibaya, mpaka umeogopa." Tunacheka wawili, tumbo linanguruma.

Miezi ikapita, na siku moja nikainuka asubuhi mkeka ni safi. Hakuna pumba. Mabaka yakawa yanafifia kutokea katikati, magamba yakapukutika yasirudi, nyufa za viganja zikafunga. Nikamwita Nasreen, nikamshika uso kwa viganja vyote viwili. Hakukunja uso. Akafumba macho, akasema, "Mama, mikono yako laini." Mwenzangu, hiyo siku nilijiona nimezaliwa mara ya pili. Nikatoa kinu changu cha kusagia liwa, nikakiosha, nikakianika juani.

Sasa ikaanza mitaa.

Madera yangu yakawa yananining'inia. Mashavu yakaingia ndani. Kwanza ikawa, "Mwanamkuu, umepungua!" na kicheko juu yake. Baadaye kicheko kikakatika. "Umepungua," halafu, "Pole." Pole ya nini? Ukiuliza wanakwambia, "Pole tu, jamani, pole ya maisha." Mama wa vitumbua pale kona, mwanamke tuliyecheza naye rede utotoni, akanifungia vitumbua bila kuuliza, akaninong'oneza, "Kula, shoga. Hizo dawa haziendi na njaa." Dawa zipi? Nikavirudisha mezani kwake, nikamtolea uvivu mpaka wateja wake wakatawanyika. Nikiwa njiani narudi nikaelewa kwamba nimezidisha. Mwanamke mkali, amekonda, kwao hiyo ndiyo dalili.

Mabibi harusi waliokuwa wamenipa neno wakaanza kuahirisha, mmoja mmoja, kwa adabu kubwa. Nikaja kusikia wamekwisha kufundwa na wengine. Hata ndani ya nyumba. Kaka yangu mdogo Bushiri, anauza kanga kwa jumla mtaa wa pili, ndiye mjomba wa Nasreen na msimamizi wake, huyo amekula mate yangu tangu ananyonya. Nikamwona siku moja anaosha kikombe chake upya, kikombe ambacho nilikuwa nimekiosha mimi. Akaniona nimemwona. Akasema kilikuwa na sisimizi.

Ilipobaki miezi mitatu Rajabu kuingia, akaja Bi Shukuru, shangazi yake Adamu, na wanawake wawili wa kwao. Bi Shukuru ndiye mwenye kauli katika ukoo ule, akisema tende wenzake wanasema tende. Tukawapikia pilau, Nasreen akaweka sinia katikati ya mkeka. Hawakunyoosha mkono. "Tumetoka kula, jamani, tumeshiba." Hakuna mtu katika mji huu aliyewahi kuikuta pilau yangu akiwa ameshiba. Pilau ikapoa pale tunaitazama.

Bi Shukuru akaanza, "Mwanamkuu, tumekaa tumezungumza. Tumeona wewe usijichoshe. Nasreen atasingwa na mtu wa upande wetu."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Hakuna aliyesema kitu, mwenzangu."

Hapo ndipo waliponifunga. Hakuna aliyesema kitu! Neno lingesemwa ningelijibu, ningelipasua hadharani, mdomo ninao. Lakini ukikanusha neno ambalo halijasemwa, umelisema wewe. Nilikaa nikautafuta mlango wa kutokea nikaukosa. Mwisho hasira ikanishinda, nikapandisha mikono ya dera mpaka mabegani, nikawanyooshea. "Haya, tazameni! Liko wapi baka? Nimepona!"

Bi Shukuru akaitazama ile mikono, akatikisa kichwa kwa huruma, na huruma yenyewe ilikuwa ya kweli, ndiyo iliyoniua. "Mashallah," akasema. "Dawa zimekukubali."

Nasreen akalia pale pale, uso kwenye mtandio. Na yule mama hakuishia hapo. Akasema taratibu, anaangalia ukuta, "Na marehemu mama yake Nasreen, Mungu amrehemu, tunasikia naye alikonda hivi hivi."

"Ile ilikuwa kansa!"

"Ndiyo, mwenzangu, kansa." Akajikunjua akasimama. "Sisi haraka hatuna. Rajabu ikishindikana, miezi ipo."

Ukisikia mtu wa pwani anakwambia miezi ipo, jua harusi haipo.

Nasreen na Adamu wakaenda kupima, wote salama. Adamu akampelekea shangazi yake majibu. Akajibiwa kwamba vipimo vya siku hizi navyo, na kwamba wengine inachelewa kuonekana. Kijana ana moyo mzuri, lakini kalelewa kwenye nyumba ya yule mama na biashara yake ni ya yule mama. Akawa akija barazani kwetu anakaa kidogo, anatazama simu, anaondoka. Nasreen akaacha kula. Nikamwona shingo yake inatoka mifupa, nikaingiwa na hofu, maana naye wakimwona hivyo, basi.

Bushiri ndiye aliyekuja na akili yake hiyo. Alingoja nitoke kuswali, akakaa mlangoni. "Dada, wewe nenepa."

"Nini?"

"Nenepa tu. Wao wameona mwili umeondoka. Mwili ukirudi, maneno yatakwisha. Mwenye ule ugonjwa hanenepi, ndivyo wanavyojua wao."

Nikamrushia ndala. Nikamwambia aniondokee, yeye na sisimizi wake. "Nimekaa na njaa miezi nipate hii mikono, leo unaniambia niitupe?" Aliiokota ndala, akaiweka vizuri mlangoni, akatoka. Nami nikabaki naitazama mikono yangu. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Waongo wakubwa. Langu halikuwapo na halikuja, lakini limeniumiza kuliko lililopo.

Siku mbili tatu baadaye, baada ya Alasiri, wakati mtaa umejaa watu wanaofunga maduka, wabebaji na magunia yao, wachuuzi wanaokimbizana na wateja, Nasreen alitandika mkeka barazani. Si uani, barazani, mbele kabisa. Akaniita. Nikatoka nikakuta sahani ya wali wa nazi, kuku wa kupaka, mafuta yanaelea, chapati zimekunjwa, na chai ya maziwa ambayo sukari yake niliinusa kabla sijakaa.

"Kula, mama," akasema. "Wakuone."

Sikuamini kama ni yeye. "Nasreen. Na mikono je? Nikila hivi mikono inarudi ilivyokuwa. Sitakusinga."

"Najua." Akanisogezea sahani. "Nitasingwa na watu wao. Lakini mama, nisipoolewa utanisinga ili niende wapi?"

Nilitaka kumwambia Adamu asiyeweza kumjibu shangazi yake si mume. Maneno hayo nimewaambia mabinti wa watu wengi, na ninayajua yalivyo ya kweli. Lakini nilimtazama usoni nikaona anampenda, na kwamba ameshatandika huo mkeka, na kwamba watu wawili upande wa pili wa barabara wamekwisha kutugeukia. Nilikuwa na njaa pia, Mungu ananijua. Nikanawa. Nikakata tonge.

Nilikula mpaka nikamaliza, Nasreen amekaa ananitilia, anapaza sauti, "Ongeza, mama!" ili mtaa usikie. Mama wa vitumbua akapita akatutazama. Siku ya pili nikala tena. Na ya tatu. Alfajiri sikutoka tena Mnazi Mmoja, maana kukimbia-kimbia kwa mtu mzima nako walikuwa wamekutafsiri. Daktari Zarna alinipigia simu mara kadhaa. Sikupokea. Ningemwambia nini yule mtoto? Kwamba alisema kweli kuhusu mwili wangu, na mimi nilisema kweli kuhusu mtaa wangu, na ukweli wa mtaa ndio mzito?

Unene ulirudi kama mwenye nyumba anayedai chumba chake. Mashavu yakajaa, madera yakakaa. Na nilijua siku ugonjwa uliporudi, kwa sababu nilimshika Nasreen begani nikiwa nampita jikoni, akashtuka. Kashtuka kidogo tu, kisha akacheka haraka kunifichia. Nikaenda chumbani nikavipitisha viganja vyangu kwenye shavu langu mwenyewe, kukwaruza kule kule. Nikalia mpaka sauti ikakatika. Kinu nikampa jirani.

Miezi ikapatikana, unaona. Harusi ikawa Shaabani. Siku ya kusinga ukumbi wa ndani ulijaa wanawake, ngoma inarindima, chetezo kinafuka udi. Nasreen alikaa juu ya kigoda amefungwa kanga kifuani, na kungwi wao, mwanamke wa haraka haraka, anamsugua kama anayesugua sufuria. Hamwambii kitu. Hata neno moja. Mimi nilikaa ukutani nimeficha mikono ndani ya mtandio, kwa sababu kidole cha shahada kilikuwa kimepasuka tena na kinatoa damu. Nasreen akawa ananitafuta kwa macho juu ya vichwa vya watu. Kila akinipata natabasamu.

Chakula kikaja. Bi Shukuru akaliona kundi lake limezunguka sinia, akageuka akaniita kwa sauti kubwa ya furaha, "Mwanamkuu! Unakaa kando kama mgeni? Njoo tule!" Akanisogezea nafasi ubavuni kwake, goti kwa goti. Nikasita, kisha nikautoa mkono wangu wa kulia, na magamba yake, na wekundu wake, na kile kidole, nikauweka juu ya wali mbele ya macho yao. Nilitaka waruke. Wallahi nilitaka hata mmoja wao aruke.

Bi Shukuru akautazama, akacheka, akanifinya shavu langu nene. "Na ukurutu wako huo! Sasa ndiyo wewe, shoga. Tulikuombea sana. Sasa umepona."

Wote wakaitikia amina, mikono yao ikaingia kwenye sinia kando ya mkono wangu. Nasreen alikuwa ameinua kichwa kule kwenye kigoda, ananitazama.

"Alhamdulillahi," nikasema. "Nimepona." Nikakata tonge nikala nao.